Kuwakutanisha Mliolala Bweni Moja Miaka Thelathini na Zaidi Iliyopita: Mwongozo Kamili Kutoka Dodoma

Mwaka 1984 tulishuka stesheni ya Dodoma usiku, kila msichana na tranka lake, tukapandishwa lori la shule. Tulitoka Kagera, Mtwara, Kigoma, Tanga na Mbeya, maana enzi hizo Serikali iliwachanganya watoto: wa Bukoba analetwa Dodoma, wa Dodoma anapelekwa Songea. Miaka minne tukala ugali wa unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano, pamoja, tukaumwa malaria pamoja, tukasukana nywele. Mwishoni mwa 1987 tukaagana getini tukiahidiana barua.

Tulijaribu kukutana kwa mara ya kwanza mwaka 2016, jijini Dar es Salaam. Ukumbi mzuri, mchango wa shilingi 100,000 kwa kila mtu, meza kuu, kipaza sauti. Tulikuja 19. Utambulisho ukaanza: jina, cheo, taasisi, idadi ya watoto na wanakosoma. Mwenzetu mmoja anayeuza mboga soko la Majengo hapa Dodoma alikuwa amesafiri kwa basi tangu alfajiri. Kipaza sauti kilipobakiza watu wawili kumfikia, alichukua mkoba wake akatoka kama anayekwenda msalani. Hakurudi, na chakula chake kilibaki mezani kimefunikwa.

Mwaka 2024 tulirudia, safari hii Dodoma, na tulikuwa 57. Haya ninayoandika ndiyo tuliyoyabadilisha kati ya mikutano hiyo miwili. Sisi ni wanawake, lakini nimewasaidia kaka zetu wa shule jirani kwa mpangilio huuhuu na umewafaa.

Hatua ya kwanza: andikeni walioingia, msiandike waliohitimu

Kosa letu la 2016 lilianzia kwenye orodha. Tuliandika waliofanya mtihani wa kidato cha nne. Tulipokuja kulisoma daftari la uandikishaji la shule tuliona majina 112, na waliofanya mtihani ni 97. Hao 15 tulikuwa tumewafuta bila kufikiri.

Wapo walioumwa wakarudishwa nyumbani, wapo walioozeshwa likizo ya Desemba. Na wapo waliofukuzwa kwa sababu ya mimba. Msichana akipimwa akikutwa nayo, safari yake ya shule iliishia hapo. Ruhusa ya kurudi darasani baada ya kujifungua ilitangazwa Novemba 2021, wakati sisi tayari tunabeba wajukuu. Nakumbuka mmoja wetu akivuka uwanja na tranka kichwani kuelekea getini, sisi tuko paredi, na mwalimu wa zamu akatuambia tutazame mbele. Tulitazama mbele kwa miaka thelathini na kitu. Mtu aliyelala kitanda cha chini yako mwaka mmoja na nusu ni mwenzako. Mwandike.

Daftari la uandikishaji hupatikana kwa mkuu wa shule. Msipige simu. Andikeni barua fupi, mwitaje mwaka mlioingia, kisha nendeni wawili au watatu mkiwa na vitambulisho. Ombeni kunakili majina na mikoa tu. Kurasa za afya na nidhamu msizipige picha hata mkiachiwa daftari zima, maana humo mna siri za watu.

Daftari likiwa limepotea au limeliwa na mchwa, choreni bweni. Chukueni karatasi kubwa, mchore mlango, madirisha na mistari ya vitanda, kisha ulizaneni: juu alilala nani, chini nani? Sisi kwa njia hii tulipata majina kumi na moja ambayo hakuna aliyekuwa akiyakumbuka kwa kukaa tu na kuwaza. Darasani ulikuwa unatazama ubao. Bwenini ulikuwa unamsikia mtu akikohoa usiku.

Hatua ya pili: kuwatafuta

Gaweni orodha kwa mikoa walikotoka. Kila mkoa upewe mtu mmoja anayeujua, asirundikiwe majina zaidi ya kumi.

Jina la shuleni halitoshi. Mwanamke wa umri wetu mtaani kwake haitwi kwa jina la baba yake, anaitwa Mama Neema au Mama Hamisi, na majirani wa miaka ishirini hawajui jina lake lingine. Wengine wamebadili dini na jina pamoja. Kwa hiyo anzia alikozaliwa: kata, shule ya msingi, parokia, usharika au msikiti wa familia. Mzee mmoja wa kitongoji atakwambia zaidi ya mtandao wowote. Ukifika, usijieleze nusunusu, kwa sababu mtu anayeuliziwa na mgeni huhisiwa ana deni au ana kesi. Sema wazi kwamba mlisoma pamoja, acha namba yako kwa mwenyekiti wa kitongoji, na umwombe amfikishie yeye mwenyewe aamue kama atapiga.

Wengi wa rika letu walikwenda ualimu na uuguzi, na walimu hujuana. Mwalimu mmoja wa Kondoa alitupatia wenzetu wanne kwa jioni moja. Hapa naomba msichelewe. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60. Akishatoka kazini, akarudi kijijini na kubadili laini ya simu, uzi unakatika.

Hatua ya tatu: simu ya kwanza

Simu hii ndiyo inayoamua kama atakuja au atajificha. Usimtumbukize mtu kwenye grupu la WhatsApp kabla hujazungumza naye kwa sauti. Ebu fikiria: amekaa kimya miaka thelathini, anafungua simu anakuta picha za magari na mahafali ya watoto Uingereza, na chini yake orodha ya michango. Atatoka usiku uleule, na mara ya pili hapokei.

Apigiwe na aliyekuwa jirani yake wa kitanda. Wale niliowapigia mimi nilianza hivi: “Shoga, mimi wa bweni la pili, kitanda cha juu, pale penye dirisha lililovunjika. Nimekukumbuka tu, sina shida na sichangishi. Hujambo? Nyumbani hawajambo?” Halafu nikanyamaza. Wengi walicheka. Watatu walilia. Mmoja alisema, “Umekosea namba,” akakata, na baada ya siku tisa akapiga mwenyewe.

Usiulize anafanya kazi gani. Usiulize kama ameolewa wala ana watoto wangapi, maana kuna aliyezika wote. Uliza anaendeleaje, kisha mkumbushe kitu mlichofanya pamoja. Mkutano utaje simu ya pili au ya tatu.

Kuhusu majina ya utani: yanasaidia kumtambua mtu haraka, lakini mengine yalikuwa mateso. Kama jina lilitokana na umbo, kabila au kukojoa kitandani, life kimya kimya. Muulize kila mmoja anapenda aitweje sasa.

Hatua ya nne: grupu

Hapa sina mengi. Wasimamizi wawe watatu, wa mabweni tofauti. Siasa, matangazo ya biashara na jumbe za kusambazwa zisiwepo. Badala ya salamu za asubuhi zisizoisha, wekeni swali moja kila Jumapili jioni. Swali lililotuamsha wote lilikuwa hili: ulikuwa wapi tarehe 12 Aprili 1984, redio ilipotangaza kwamba Waziri Mkuu Edward Sokoine amefariki kwa ajali ya gari Dakawa, akiwa ametoka hapahapa Dodoma? Watu waliokuwa kimya miezi mitatu walituma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nani alikuwa jikoni, nani alikuwa anafua, matroni alivyokaa chini kwenye ngazi ameshika kichwa.

Ruhusuni sauti, kwani si wote wanaopenda kuandika. Na wenye vitochi, simu ndogo zisizo na WhatsApp, wasisahaulike: kila mmoja awe na mwenzake wa kumpigia Jumapili na kumsimulia yaliyosemwa. Sisi walikuwa tisa, na saba kati yao walifika kwenye mkutano.

Marehemu wetu

Orodha yetu ina marehemu 23. Tulikua wakati UKIMWI ulipokuwa unaingia, na wengine walikufa kwa uzazi, ajali na maradhi mengine. Thibitisheni kila kifo kwa ndugu wa karibu kabla ya kukitangaza. Sisi tuliwahi kumwombolezea mtu aliye hai huko Manyoni, na kumwomba radhi ilibidi twende wawili hadi kwake. Chanzo cha kifo kisitajwe na kisiulizwe.

Andikeni jina kamili, mwaka, na alikozikwa kama ndugu wameridhia. Kama kuna mtoto wake mkubwa, mwalikeni. Mabinti wawili walikuja kwetu wakitaka kusikia mama yao alikuwaje akiwa na miaka kumi na sita. Tengeni muda wa hilo, msiwape tu kiti na soda. Mmoja alisimuliwa kwamba mama yake ndiye aliyekuwa akitusomea barua zetu kwa sauti za kuigiza, akacheka huku anajifuta machozi, kisha akasema, “Nyumbani hakuwa anaongea.”

Tarehe, mahali na fedha

Dodoma ina majira yake, na si ya mvua peke yake. Bunge la Bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi mwisho wa Juni, na wakati huo nyumba za wageni hujaa na bei hupanda. Maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni huvuta watu mwanzoni mwa Agosti. Kuanzia Desemba hadi Aprili ni masika yetu, na barabara za vijijini huharibika. Sisi tulichagua Septemba: pakavu, upepo upo lakini jua halijawa kali la Novemba, na zabibu ziko sokoni. Kwa kundi lenye walimu wengi, mwanzo wa Julai huenda ukawafaa zaidi kama shule bado hazijafunguliwa, ila waambieni wabebe sweta, kwa kuwa usiku wa Dodoma mwezi huo una baridi inayowashangaza watu wa pwani.

Usafiri umekuwa mwepesi. Treni ya SGR imefika Dodoma kutoka Dar es Salaam tangu mwaka 2024, na safari ni chini ya saa nne. Kwa sisi tuliokuwa tukilala njiani kwenye reli ya zamani, hilo peke yake lilikuwa la kusimuliana. Wanaotoka Singida, Tabora na Kanda ya Ziwa huja kwa basi na kushukia stendi kuu ya Nanenane, kwa hiyo nyumba ya wageni isiwe mbali mno na huko.

Kuhusu siku, tuna Wasabato, Wakristo wengine na Waislamu. Tulipanga Jumamosi baada ya jua kuzama kuwa ya kula na kupiga soga, Jumapili kuanzia saa saba mchana kuwa ya simulizi, na Jumatatu asubuhi kutembelea shule. Nyama ichinjwe na Mwislamu, ili kusiwe na sufuria mbili za kubaguana.

Fedha ndizo zilizotuvunja mara ya kwanza, kwa hiyo nasisitiza. Piga hesabu ya chini kabisa: maji, chakula, viti, turubai. Gawanya, upate kiwango ambacho muuza mboga anaweza kukitoa bila kukopa. Kwetu kilikuwa shilingi 20,000. Wenye uwezo waombwe kando, kimya, waongeze kwenye mfuko wa nauli na malazi. Mhazini mmoja tu ndiye ajue nani ametoa nini na nani amepewa. Orodha ya michango yenye majina na kiasi isibandikwe kwenye grupu hata siku moja. Kinachobandikwa ni jumla iliyoingia, matumizi na risiti.

Msinunue fulana za sare kama zitapandisha mchango. Chakula kiwe kile mnachokikumbuka. Tulipika makande kwenye sufuria kubwa la shughuli, kukawa na ugali wa uwele na mlenda kwa heshima ya wenyeji wetu Wagogo, na kuku wa kienyeji kutoka Singida. Wengi wetu tuna sukari na presha, hivyo mpishi aambiwe mapema kuhusu chumvi, na maji yawe mengi kuliko soda.

Siku ya simulizi

Hakuna meza kuu. Narudia: hakuna meza kuu, hakuna mgeni rasmi, hakuna kipaza sauti. Viti viwekwe duara chini ya mti. Kwetu palikuwa na miarobaini mikubwa nyuma ya nyumba ya wageni.

Hesabuni muda kabla. Watu 57 kwa dakika saba kila mmoja ni zaidi ya saa sita na nusu, na hakuna atakayesikiliza mpaka mwisho. Gawanyikeni kwa mabweni. Sisi tulikuwa na mabweni manne, kila duara watu kumi na wanne au kumi na watano, na kwa saa moja na dakika arobaini hivi kila mtu akawa amesema. Kila duara liwe na mtunza muda. Tulitundika kipande cha reli mtini na kukigonga kwa msumari mnene, kama kengele ya shule, na sauti ile ilifanya wanawake wa miaka hamsini na kitu wanyanyuke kwa pamoja kabla hawajajua wanakwenda wapi.

Maswali ni matatu, na kila mtu apewe siku kadhaa kabla:

Ulipotoka getini ulikwenda wapi?
Kitu gani kilikuangusha au kukubadilisha?
Siku yako ya kawaida sasa ikoje, tangu unapoamka hadi unapolala?

Cheo hakimo. Mtu akitaka atakitaja, ila hakuna anayemuuliza. Swali la tatu ndilo lenye utajiri, msiliruke. Linamweka kila mtu mahali pamoja, kwa sababu kila mtu anaamka, anachota au anafungulia maji, anawaza kuhusu mtoto fulani.

Anayefungua duara achaguliwe na aombwe mapema, tena awe mtu ambaye maisha hayakumbeba. Akianza aliyefanikiwa sana, wote wanaofuata hujipima kwake na kufupisha. Bweni letu lilifunguliwa na yule wa mboga. Nilikwenda Majengo mara tatu kabla hajakubali. Alisimulia anavyoamka saa tisa usiku, anavyochagua mchicha kwa taa ya simu, anavyokunja mafungu kwa kipimo cha kiganja chake, na jinsi wateja wa asubuhi walivyo tofauti na wa jioni. Alisema pia kwamba mwaka 2016 hakuondoka kwa hasira, aliondoka kwa sababu hakuwa na sentensi ya kusema. Aliyefuata ni mwenzetu aliyestaafu akiwa na wadhifa mkubwa. Hakuutaja. Alisema huwa anaamka saa kumi na moja na kutazama simu kama mwanawe ameandika, na mwaka wa nane sasa hajaandika. Wote wawili wameniruhusu kuyaandika haya.

Kanuni za duara ni chache. Anayesema hakatizwi. Hakuna kutoa ushauri wala kumtafutia mtu mchumba, mganga au mkopo. Anayelia apewe muda wake, asikimbiliwe na kukumbatiwa mpaka anyamaze kwa aibu. Anayetaka kupita bila kusema apite, aulizwe tena mwishoni. Yaliyosemwa chini ya mti hayaingii kwenye grupu.

Kuhusu kurekodi, kila mtu aridhie kwa mdomo wake kabla ya simu kuwashwa, na picha za watoto na za wagonjwa zisisambazwe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, mtu aliyekuamini hapaswi kujiona mtandaoni.

Deni la zamani

Bweni lina madeni. Njuka, yaani wageni wa kidato cha kwanza, walipigwa, walifulishwa nguo za wakubwa, walinyang'anywa sukari. Viranja tuliandika majina ya watu. Mengine yanaweza kuchekwa sasa, na mengine hayawezi.

Anayetaka kuomba radhi asilipue jambo hilo katikati ya duara. Apitie kwa mtu wa tatu, aliyekosewa aulizwe kwanza kama anataka kusikia, na kwa namna gani. Kiranja wa bweni letu ndiye aliyempeleka kwa matroni yule mwenzetu aliyefukuzwa. Alitaka kupiga magoti mbele ya wote. Mwenzetu alipoulizwa alisema, “Sitaki magoti. Siku ile nilitoka peke yangu. Anisindikize.”

Jumatatu asubuhi tulipokwenda shuleni, tulibaki chini ya mwembe karibu na bwalo. Wale wawili walianzia mlango wa bweni, wakavuka uwanja wa paredi, polepole, mmoja ana goti bovu. Hakuna aliyetuambia tutazame wapi. Walipofika getini walisimama kidogo, wakaongea maneno ambayo sisi hatukuyasikia, kisha wakarudi wameshikana mikono.

Kutembelea shule na kuendelea

Mkuu wa shule aandikiwe wiki tatu kabla. Msiahidi kitu siku hiyo. Ulizeni wanachohitaji, mkajadiliane nyumbani. Sisi tulidhani vitabu, kumbe ni tanki la kuhifadhi maji, na kwa ukame wa Dodoma tungelijua hilo bila kuambiwa kama tungekumbuka tulivyokuwa tukioga kwa kopo.

Msiba uwe na kiwango kimoja cha rambirambi kwa kila mwanachama, awe nani, na kitoke ndani ya saa ishirini na nne. Mkitaka akaunti ya benki mtahitaji katiba, muhtasari wa kikao na watia saini, na chama kikikua, kisajiliwe kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Msianze na hayo. Mwaka wa kwanza tulitumia daftari la mistari na mhazini mwaminifu, ikatosha.

Karatasi ya bweni tuliyoichora bado naitunza, imekunjwa ndani ya tranka langu la zamani. Vitanda sita havina namba ya simu. Kimoja ni cha msichana wa Kigoma aliyekuwa akilala kwenye kona ya mlango wa nyuma, na wiki iliyopita mtu ameniambia kuna mama anayefanana naye anauza karanga Itigi, jirani na reli. Alhamisi ninakwenda na yule wa mboga, kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi.